Matangazo Yanayotoka Yenyewe

Songea, 3 Februari 2025

Dada Rehana,

Huku nako mvua imeshika, ila si ile ya Tukuyu ya kunyesha mpaka mtu anasahau rangi ya anga. Mume wangu Hezron ameizoea shule aliyohamishiwa kufundisha. Mimi bado naizoea nyumba isiyo na mlio wa cherehani. Nakuandikia barua pepe kwa sababu simu yako inakaa kaunta na kila mteja anaishika, na kwenye WhatsApp maneno yangu yanazama katikati ya vipimo vya watu.

Jambo lenyewe ni kurasa zetu. Tangu nihame tumekwenda kama tulivyokubaliana: wewe na Baba mnashona, mimi natangaza na kujibu watu kutoka huku. Lakini kurasa ziko tatu, Facebook, Instagram na TikTok, na kila moja ina mlango wake. Wiki iliyopita nimekuta ujumbe wa kwaya moja ya Kiwira walioomba majoho tangu Krismasi. Nilipowajibu wakaniambia wameshashonewa Mbeya. Niliona aibu, nikaanza kutafuta programu ya kuziweka kurasa zote mahali pamoja, tena ya bure, maana ya kulipia hatuiwezi.

Nimejaribu kadhaa. Nyingine ni bure kwa jina tu, ukishazoea zinadai kadi ya benki. Zimebaki mbili. Ya kwanza naiita ya kijani, kwa rangi ya alama yake. Inabeba kurasa zote tatu, na unaweza kupanga matangazo mapema: hili litoke Jumatatu, hili Jumamosi asubuhi, nalo linatoka lenyewe hata kama mimi niko uani nafua. Ubaya wake, kwa bure anaingia mtu mmoja tu. Ya pili ni ya bluu. Hiyo tunaingia wote wawili, na ujumbe wa Facebook na Instagram unaangukia sanduku moja, ila TikTok haiitaki kabisa.

Mimi moyo uko kwenye ya kijani. Mabibi harusi wako TikTok. Halafu siku hizi nachoka mapema, ningependa kupanga mambo ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Lakini biashara ni yetu sote, chagua wewe.

Nitumie na video za Baba akikata kitambaa. Watu wanapenda mkasi wake unavyotembea bila kusimama. Mwambie mwanafunzi wake mtukutu, aliyejifanya binti yake wa pili, anamsalimu.

Mdogo wako,
Esnath


Msasani, Tukuyu, 8 Februari 2025

Mdogo wangu Esnath,

Barua nimeisoma, nikairudia ndipo nikaelewa hayo ya kijani na bluu. Chukua ya kijani. Mimi mlango wa kuingilia siutaki. Ukinipa pasiwedi nitaisahau, na mikono yangu kutwa ina mafuta ya cherehani. Wewe ndiye msemaji wa duka, sema unavyoona inafaa.

Video nimekutumia nyingi. Ni za Desemba, wakati wa kazi za maharusi. Tumia hizo, zinatosha. Sasa hivi mwanga hautoshi, ukungu unaingia mpaka ndani ya duka.

Baba amefurahi kusikia salamu zako. Amesema umtunze mume. Yuko nyumbani anapumzika, kifua kinamsumbua kidogo na baridi hii. Usiwe na wasiwasi.

Niambie tu, hayo matangazo yanayotoka yenyewe, yanajuaje kama duka limefungwa?

Dada yako,
Rehana


Songea, 21 Februari 2025

Dada Rehana,

Umeuliza yanajuaje. Hayajui. Mimi ndiye ninayejua kwa niaba yao, na mimi najua kwa sababu wewe unaniambia. Na wewe huniambii.

Doreen wa Ibighi ameniandikia kwamba amekuja dukani mara mbili na kitambaa chake, Baba hakuwepo, ukamwambia aache namba. Mwalimu Ackson wa kwaya ya Isongole anauliza Mzee atawapima lini kwa ajili ya Pasaka. Ujumbe wake nimekutumia, umeusoma, hujajibu. Mama yangu amepita hapo mchana kweupe akakuta umefunga mlango mmoja. Nilipokupigia ulisema uko na mteja, na nyuma yako sikusikia mteja.

Nimekaa huku nawaza mabaya. Nimewaza labda umepata mwenzako mwingine hapohapo mjini, anayejua kutangaza na kushona, na mimi wa Songea nimebaki kuwaelekeza watu kwenye duka lisilonihitaji. Kila asubuhi nafungua programu naona tangazo limetoka, Baba anacheka na futi yake shingoni, watu wanapenda, na moyo wangu hautulii hata kidogo.

Kama umenichoka, sema.

Esnath


Tukuyu, 27 Februari 2025

Esnath,

Sijakuchoka. Ningekuchoka nisingekujibu.

Umeme unakatika kila siku na Ramadhani iko mlangoni, ndiyo sababu ya kufunga mapema. Mwambie Ackson asubiri kidogo. Doreen nitampigia mwenyewe.

Nina ombi. Punguza hayo matangazo. Na kwa sasa usimweke Baba, weka nguo. Usiniulize sana, nifanyie hivyo tu.

Rehana


Songea, 7 Machi 2025

Dada,

Unasema nipunguze na husemi kwa nini. Nikiweka nguo tupu watu wanapita. Nikimweka Baba wanasimama, wanauliza, wanakuja. Hiyo ndiyo kazi mliyonipa na siwezi kuifanya nimefumbwa macho. Sikupunguza. Nimeijaza foleni yote mpaka programu yenyewe imekataa kupokea zaidi, nguo za Idi na za Pasaka, na Baba nimemweka, maana bila yeye duka letu ni kama maduka mengine. Ackson nimemwambia aangalie ukurasa, ataona Jumamosi ya kupimwa.

Kuanzia kesho nina safari na akina mama wa kanisa, vijijini huko ambako mtandao hakuna. Sitapatikana kwa muda. Usinitafute, nikirudi nitakuandikia.

Esnath


Tukuyu, 18 Machi 2025

Esnath,

Baba amefariki. Amekata roho Jumamosi alfajiri na tumemzika siku hiyohiyo alasiri. Ningetaka kukwambia kwa sauti, lakini kila nikipiga simu yako haipatikani. Na nina hasira nawe ambayo sijui niiweke wapi, kwa hiyo naiweka hapa.

Ijumaa jioni niliitwa mbio nyumbani nikaacha simu dukani. Kwa hiyo jirani yetu Mwanajuma ndiye aliyewapigia ndugu kwa simu yake. Asubuhi wanaume walikuwa wamekaa uani kwenye majamvi, sisi wanawake ndani, Baba chumba cha nyuma anaoshwa. Nikasikia gari limesimama nje na watu wanacheka. Ackson alishuka na jora la kitambaa begani. Nyuma yake akina mama wa kwaya na ndoo za viazi, zawadi ya Mzee. Walikuta duka limefungwa, bodaboda mmoja asiye na habari akawaelekeza nyumbani. Walipoona majamvi kicheko kikakatika. Ackson alisimama pale mlangoni hajui aliweke wapi lile jora. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Samahani dada, tumeambiwa Mzee yupo."

Akanionyesha simu yake. Baba anacheka, mkasi mkononi. Chini umeandika: Mzee yupo dukani leo, njoo upimwe na mikono yake mwenyewe. Lilikuwa limetoka asubuhi hiyohiyo, kurasa zote tatu.

Hilo ningelivumilia. Sikiliza hili. Baba mdogo Ahmadi, mdogo wake wa pekee aliyebaki, alipigiwa kule Kyela na namba asiyoijua akaambiwa kaka yako amefariki, njoo. Siku hizi matapeli wanawaliza watu kwa habari za misiba. Akafungua ukurasa wetu, maana ndiko anakomwangaliaga kaka yake, akamkuta anacheka na imeandikwa leo. Akamwambia mkewe ni wezi hao, akarudi shambani. Walipompata tena adhuhuri imepita. Alifika makaburini watu wanatoka.

Sasa nikwambie nilichokuficha. Baba alipata kiharusi Januari, kabla ya ile barua yako ya kwanza. Mkono wa kulia ulikufa kabisa. Alinishika kwa ule wa kushoto akasema, "Esnath asijue. Atarudi, na ndoa yake bado changa." Nikakubali. Na mimi nilikuwa na sababu zangu. Watu wanakuja kwa mkono wa Baba. Nilijua wakisikia mkono haupo hawatakuja, nami sijawahi kukata kitambaa cha mteja bila yeye kusimama pembeni. Hilo ni langu na nalibeba.

Lakini nilikuomba upunguze. Nilikuomba usimweke Baba. Ufunguo ulikuwa nao peke yako, ukaondoka nao.

Leo asubuhi limetoka lingine. Baba anacheka tena, anakaribisha watu Idi. Sina mahali pa kulizimia. Popote ulipo, zima.

Rehana


Songea, 19 Machi 2025

Shemeji Rehana,

Ni mimi Hezron, mume wa Esnath. Barua yako nimeifungua mimi kwa sababu simu yake iko kwangu. Pole sana, na poleni nyumba nzima. Mzee alinipokea kama mkwe kabla ya wakwe wenyewe.

Kwanza, nimezima. Simu ilikuwa bado imefunguka kwenye ile programu, nimefuta foleni yote, hakuna kitakachotoka tena. Najua nimechelewa.

Pili, Esnath hakwenda safari ya kanisa. Amelazwa hospitali tangu tarehe nane. Ana mimba. Mbili za kwanza zilitoka, nazo hatukumwambia mtu, na hii aliificha hata kwa mama yake pale Ibighi, anaogopa kuitaja. Alianza kuona damu. Daktari ameamuru alale, asinyanyuke, asisumbuliwe na jambo lolote. Usiku ule kabla hatujaenda alikaa kitandani anapanga hayo matangazo huku analia kwa maumivu, anasema duka lisikae kimya. Simu nilimnyang'anya mimi nikaizima, leo ndipo nimeiwasha.

Sijamwambia kuhusu Mzee. Anamwita baba kwa moyo kuliko alivyomwita baba yake mzazi. Naingia wodini naongea habari za mvua. Nifanye nini, shemeji?

Hezron


Tukuyu, 19 Machi 2025

Shemeji Hezron,

Usimwambie. Na ile barua yangu ifute.

Nimekaa na maneno yako tangu mchana. Mimi nilidhani yuko huko anafurahi. Ukurasa ulikuwa unacheka kila siku, nikajua na yeye anacheka, na nilimchukia kwa kicheko hicho. Na yeye aliuona ukurasa huohuo akajua sisi ni wazima. Hapakuwa na hata mmoja wetu aliyekuwa anacheka.

Mwambie Rehana anamsalimu. Basi.

Rehana


Songea, 4 Aprili 2025

Dada Rehana,

Hezron alikutii siku chache. Halafu nikaona hanitazami usoni. Habari za mvua zikaisha akaanza kunisimulia mitihani ya kidato cha pili, nikajua kuna kitu. Nilimwambia, "Nipe simu, au nitanyanyuka niifuate mwenyewe." Akanipa. Barua yako hakuifuta, hakuwa na moyo. Nimeisoma nimelala chali, machozi yanaingia masikioni.

Mtoto bado yumo. Naanza na hilo ili usome mengine bila hofu. Nimeruhusiwa nyumbani lakini nalala mchana kutwa, na simu napewa kwa kipimo kama dawa.

Nimekasirika. Mlinificha kwa ajili ya ndoa yangu, kisha mkanificha kwa ajili ya mimba yangu, na mwisho wake nimefichwa mpaka sikumlilia aliyenifundisha kushika sindano wakati watu wote wanamlilia. Kama ungeandika neno moja tu, mkono, ningefuta kila kitu siku ileile. Na mimi kama ningeandika neno moja tu, mimba, ungeniambia lala, duka lisubiri. Najua. Kwa hiyo hasira yangu haina pa kwenda, inazunguka humu chumbani na mimi.

Kuhusu ule ufunguo, nitakujibu ukweli. Uliposema huutaki, nilifurahi. Nilijua siku ukiweza kutangaza mwenyewe, mimi niko mbali, sishoni, sina nafasi tena pale. Uliponiambia nipunguze nikasikia kama unanipunguza mimi. Ndiyo maana nikajaza foleni mpaka mwisho. Sikutaka duka lisemwe na mtu mwingine. Na kwa ajili hiyo Baba mdogo Ahmadi hakumzika kaka yake. Nimejaribu kumwandikia mara nyingi, sifiki hata kwenye salamu.

Nataka kufuta kurasa zote tatu. Picha zote, kila kitu. Nasubiri ruhusa yako tu.

Esnath


Tukuyu, 12 Aprili 2025

Mdogo wangu Esnath,

Usifute.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa kwenye meza ya kukatia, nami nitafika huko. Kwanza nikusimulie ambayo sikuyaandika nilipokuwa na hasira.

Wale wa Isongole hawakuondoka siku ile. Nilidhani watageuza gari kwa aibu. Ackson akaliegemeza lile jora ukutani, akavua koti, akaenda kukaa jamvini na wanaume. Akina mama wakaingia jikoni. Tulikuwa tumefunga, wao nao ni Kwaresima, kwa hiyo hakuna aliyeulizwa chai. Wakamenya vile viazi walivyomletea Baba, na jioni ndivyo vilivyotufuturisha, msiba mzima. Walipoondoka jora walikuwa wameliacha palepale. Ackson akasema watakuja siku nitakayosema mimi.

Baba mdogo alibaki mpaka hitima. Siku ile watu walipotawanyika akaniita, akaniomba nimfungulie ile picha kwenye simu. Nikajua sasa ndiyo nitasemwa. Akaishika karibu na macho kwa muda mrefu, akaniuliza inakuzwaje, nikamwonyesha. Nikamwambia nitaiondoa, nasubiri tu mwenye ufunguo. Akasema, "Usiiondoe. Nyie wote mlimwona amefunikwa. Mimi peke yangu nimebaki na kaka anayecheka. Badilisheni maneno, picha iacheni."

Kwa hiyo ukimwandikia, usianze na msamaha. Anza na salamu, halafu muulize habari za kokoa. Atakujibu.

Nimewapima wale wa kwaya. Kabla ya kukata nilizunguka meza, nikanoa mkasi usiohitaji kunolewa, nikaenda nje nikarudi. Joho la kwanza lilikuwa la Ackson mwenyewe, mikono ikatoka mifupi. Alilivaa, akanyoosha mikono mbele yangu kama mtoto aliyekua ghafla, akasema dada, hapa pamepungua. Hakuwa na ukali. Nikafumua, nikaunga pindo. La pili lilikuwa afadhali. La tatu ningelionyesha kwa Baba bila kuogopa sana. Nyingine bado ninazo mezani na Pasaka iko wiki ijayo, na sijui kama nitamaliza. Usingizi wangu ni wa kurukaruka.

Sasa hili la programu. Tuache ya kijani, tuchukue ya bluu. TikTok tutaiingilia kwa mlango wake kama zamani, tukikawia tumekawia. Na mimi niandikishe. Naitaka pasiwedi yangu, naitaka kweli. Si kwa kukuondoa. Mimi sijui kuongea na watu wa kwenye simu, nikijaribu nasikika kama ninawagombeza. Nafasi yako ni ileile, ila pasiwe tena na mmoja wetu anayeongea na mwingine hawezi kumgusa bega.

Tangazo la kwanza nimeliandika mimi. Usilipambe na usilipange lisubiri siku. Liweke ukilisoma:

"Fundi Mudathiri amefariki mwezi Machi. Tunawashukuru wote aliowashonea. Kuanzia sasa anayekata ni binti yake, Rehana. Hajafika alipofika baba yake. Anayetaka kuja aje akijua hivyo."

Weka na picha niliyokutumia leo. Siyo ya Desemba.

Wewe lala. Mama yako nimeenda kumsalimu, sikumwambia kitu, lakini mwambie. Usimfanyie tuliyofanyiana.

Dada yako,
Rehana


Songea, 13 Aprili 2025

Dada,

Mama nimemwambia. Jambo la kwanza aliuliza kama napata uji. Wiki ijayo anapanda basi kuja huku, hakuna wa kumzuia.

Ya bluu nimeifungua na jina lako limo. Pasiwedi nitakutajia kwa sauti nikikupigia, na usiiandike kaunta.

Tangazo nimeliweka kama lilivyo. Pale uliposema hujafika alipofika Baba nilitaka kupaondoa, nikapaacha. Kwenye picha umekunja uso na chaki imekukaa shavuni, nayo nimeiacha. Waliopita kimya ni wengi kuliko siku zile za Baba, usidhani nitakudanganya. Kuna walioandika pole. Kuna mmoja aliyeuliza kama bei itashuka, huyo nitamjibu mimi.

Halafu kuna mama mmoja wa Kiwira, simfahamu. Anasema ana kitambaa cha gauni la kipaimara la binti yake na hakina mtu wa kukikata, na anauliza kesho unafungua saa ngapi.

Sijamjibu. Fungua sanduku, ujumbe wake ni wa juu kabisa.

Ndaga, dada yangu. Asante.

Esnath